Umetoka Tarbaj na mbwa mzee? Hivi ndivyo utamsaidia kutulia kwa keja ya gorofa

Transfa imekuja. Umekula vumbi ya Tarbaj miaka kadhaa, ukiwa ticha, nasi, karao ama msee wa miradi, na sasa unarudi Nairobi. Keja ushapata: chumba kimoja na kabalkoni, gorofa ya nne, Umoja ama Roysambu. Shida ni moja tu. Kuna mbwa amekuwa akilala nje ya mlango wako kule, mdomo umeota mvi, akiamka anaanza na miguu ya mbele kwanza, na umeapa hatabaki nyuma.

Moyo uko mahali poa. Lakini jua unachomfanyia. Huyo mbwa hajawahi kufungwa kamba, hajawahi kupanda ngazi, na usiku kwake ni saa ya kazi. Ukimtoa kwa mchanga wazi umfungie kwa nyumba bila mpango, mambo yatakwenda hivi: usiku wa kwanza anabwekea kila mtu anayepanda ngazi, wiki ya pili majirani wameripoti, mwisho wa mwezi lando anakuambia uchague, mbwa ama keja. Mbwa wa miaka kumi akitupwa nje Nairobi hana maisha. Kwa hivyo mpango unaanza mapema, ukiwa bado Tarbaj.

Kwanza: ni mbwa wa nani?

Swali hili wasee wengi huliruka. Mbwa aliyekuwa akikula kwako huenda pia alikuwa akilinda mbuzi wa boma jirani, ama kambi nzima ilimjua. Uliza wenyeji. Kama ana mwenyewe, huna haki ya kumbeba. Kama hana, jiulize tena: kuna mwenzako anayebaki, mwenye kompaundi na roho safi, ambaye mbwa anamjua? Kwa mbwa aliyezeeka sana, kubaki kwa mchanga wake na mtu anayemlisha kunaweza kuwa poa kuliko gorofa ya nne. Kumwacha kwa mpango si kumtupa. Kumtupa ni kuondoka na mathree ya alfajiri na kutumaini mtu atamwona.

Lakini kama wewe ndiye mtu wake wa pekee, soma hadi mwisho.

Elewa kazi aliyokuwa nayo

Tarbaj iko Kaunti ya Wajir, kwa barabara inayotoka Wajir mjini kuelekea Kutulo, El Wak na Mandera. Ni nchi ya mifugo. Mbwa wa huko haingii kwa aqal na halali kwa mkeka wa mtu. Mahali pake ni nje, na kazi yake ni kusema "kuna kitu kinakuja": fisi, mgeni, ama mbuzi aliyepotea njia. Akibweka, watu wanashukuru.

Sasa mlete kwa ploti ya nyumba arobaini. Usiku kuna mlango unagongwa, boda inanguruma, mtoi analia, msee wa gorofa ya pili anarudi saa tisa akiimba. Kwa masikio ya mbwa wako, hao wote ni fisi. Hana tabia mbaya. Anafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote, na hakuna mtu amemwambia kazi iliisha. Hilo ndilo utamfundisha: hapa kazi imeisha, na kuna mahali pa kupumzika.

Mahali hapo ndipo kreti inaingia.

Kreti si jela

Kreti ya mbwa ni sanduku la waya ama plastiki ngumu lenye mlango, la mbwa kulala. Ukiliangalia haraka linafanana na seli. Lakini kumbuka venye mbwa wako hupumzika mchana kule: anatafuta kichaka, anachimba kashimo kwa kivuli, anajikunja humo mgongo ukiwa umelindwa. Hakuna aliyemfundisha. Kreti iliyosetiwa vizuri ni hicho kichaka. Tofauti ni moja: mlango. Kwa hivyo kazi yako yote ni kuhakikisha mlango haumtishi.

Huna haja ya kuagiza ya ng'ambo. Fundi wa kuchomelea vyuma Wajir mjini anaweza kukutengenezea, na kama uko Nairobi, mafundi wa jua kali pale Kamukunji ni moto. Mpe vipimo: kutoka pua hadi mwanzo wa mkia, ongeza kama sentimita 15. Mbwa lazima aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amenyoosha miguu. Mwambie fundi asugue kila kona na tupa hadi isikwaruze mkono. Chini weka kitu kinene, godoro dogo ama magunia yaliyokunjwa, juu viungo vya mzee haviwezani na chuma. Funika juu na pande tatu kwa leso kuukuu, uache mbele wazi hewa iingie.

Onyo la Tarbaj: usiweke kreti kwa jua hata dakika tano. Chuma kinashika moto na mbwa hatoi jasho kama wewe. Anajipoesha kwa kuhema, na kwa sanduku lenye joto hilo halitoshi.

Wiki tatu za mazoezi, polepole

Anza angalau wiki tatu kabla ya safari, chini ya mti ama kwa veranda anayoijua. Mbwa mzee hujifunza vizuri kabisa, ila hapendi kuharakishwa.

Siku za kwanza, toa mlango kabisa ama uufunge kwa kamba ukiwa wazi. Weka kreti hapo na usiseme kitu. Tupa kipande cha nyama karibu nayo, kesho mlangoni, kesho kutwa ndani kidogo. Akiingia kichwa tu na kutoka, hiyo ni ushindi. Usimsukume. Ukimsukuma mara moja, umepoteza wiki.

Akishaingia mwenyewe, hamishia dishi yake yote ndani. Ale humo asubuhi na jioni, mlango ukiwa wazi. Weka pia shuka ama tishati yako iliyovaliwa, harufu yako imwambie ni kwake.

Hatua ya tatu, funga mlango akiwa anakula, na ufungue kabla hajamaliza. Sekunde kumi. Kesho thelathini. Halafu dakika moja baada ya kumaliza, wewe ukiwa umekaa hapo ukiskrol simu. Ongeza hadi dakika kumi, ishirini, nusu saa. Ndipo uanze kusimama, kuondoka kidogo, kurudi bila sherehe.

Akilia, jiulize kama anataka choo. Kama ndiyo, mtoe bila maneno mengi. Kama amechoka na kufungwa tu, ngoja kakimya kafupi, hata sekunde tatu, ndipo ufungue, na kesho urudi kwa muda mfupi zaidi. Kulia kwake kunamaanisha ulienda mbio.

Sheria tatu zisizovunjwa: kreti haitumiki kama adhabu, watoto hawamsumbui akiwa ndani, na mchana hafungwi zaidi ya masaa manne mfululizo. Kibofu cha mzee si cha kijana. Kama wewe ni mtu wa kutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, tafuta mtu wa kumtoa mchana, ama kubali kwamba hii keja haimfai.

Pia linda lugha yake. Kama kule alizoea kuitwa "kaalay" na kusimamishwa kwa "joogso", usianze kumwambia "njoo" na "simama" siku ya kwanza Nairobi. Kila kitu kingine kinabadilika. Acha Kisomali chake kibaki.

Daktari kabla ya mizigo

Pitia ofisi ya mifugo Wajir uulize chanjo ya kichaa cha mbwa. Hii si mambo ya mastaili. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa hupata kwa mbwa, na dalili zikishaanza, kupona ni karibu haiwezekani. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo hivyo vya watu ifikapo 2030, na msingi wake ni chanjo ya mbwa kila mwaka. Chukua cheti na ukiweke pamoja na kitambulisho chako. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, oshea kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.

Mwambie daktari pia aangalie kupe, minyoo, meno, macho na viungo. Mbwa aliyekula matumbo mabichi ya mbuzi maisha yake yote anaweza kubeba tegu ambazo zinaingia kwa binadamu, kwa hivyo dawa ya minyoo ni kabla ya kuingia kwa nyumba, si baada. Kupe nao wakifika kwa keja huzaana kwenye nyufa za ukuta, na utalia.

Kama anachechemea, usimpe dawa yako. Panadol, Brufen, diklofenaki: hizi zinaweza kuua mbwa. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezewa mbwa, na daktari ndiye anajua kipimo.

Safari

Ni zaidi ya kilomita 600 hadi Nairobi, na mabasi mengi hayatakubali mbwa. Panga probox ama pikap na watu wengine mchange ganji. Kama mna AC, poa. Kama hamna, epukeni jua la saa sita hadi saa kumi. Asile dishi kubwa kabla ya kuondoka, ila maji apate kila mnaposimama. Usimfunge mdomo kwa kamba, ataishiwa na pumzi. Usimpe dawa ya usingizi ya binadamu.

Kwa rodbloki, na ziko nyingi kwa njia hiyo, ikiwemo pale daraja la Garissa, gari litafunguliwa. Hapa ndipo wiki tatu zinalipa: mbwa yuko kwa kreti, cheti kiko juu ya dashibodi, na karao anaangalia mizigo bila mtu kuumwa. Kila mkisimama, mshipi wa kifua na kamba kabla mlango haujafunguliwa. Mbwa aliyeshtuka Garissa usiku akikimbia, humwoni tena.

Keja: sakafu, ngazi, choo, baridi

Amefika. Siku tatu za kwanza usialike mbogi. Kreti iende kwa kona tulivu, mbali na mlango wa mbele na mbali na dirisha la barabarani, na mlango wake ukae wazi.

Vitu vinne vitamsumbua haraka. Cha kwanza ni tailsi. Miguu iliyozoea mchanga inateleza, na mzee akianguka mara mbili anaogopa kutembea. Tandika mikeka ama vipande vya kapeti kutoka kreti hadi kwa maji hadi mlangoni.

Cha pili ni ngazi. Mfunze ngazi tatu tatu, mkono wako chini ya tumbo, na ukucha zake ziwe fupi. Kama lifti ipo, itumie. Kama haipo na miguu ya nyuma imeisha, utambeba kila siku. Pima uzito wake na mgongo wako kabla ya kulipa depositi ya gorofa ya nne. Gorofa ya chini ina thamani kuliko viu.

Cha tatu ni choo. Mbwa huchagua mahali pa kwenda haja kwa kile nyayo zake zimezoea, na zako zimezoea mchanga. Simiti ya Umoja haimwambii kitu. Atashikilia siku nzima, halafu ajisaidie kwa kapeti. Njia rahisi: karai pana lenye mchanga kwa balkoni, ubadilishe mara kwa mara, na umsifu akilitumia. Mtoe nje akiamka, baada ya kula, na kabla ya kulala. Akikosea, safisha na unyamaze. Kumsukuma pua kwenye mkojo kunamfunza kitu kimoja tu, kukuogopa.

Cha nne ni baridi. Wajir iko chini ya mita 300 juu ya bahari, Nairobi karibu mita 1,800. Julai ya Nairobi itaingia kwa mifupa yake. Blanketi, na kreti isikae kwa sakafu tupu.

Usiku, kazi imeisha

Mchoshe kabla ya giza. Matembezi ya polepole saa kumi na moja jioni, anuse kila kona. Kwa mzee, kunusa kunachosha kuliko kukimbia. Dishi, choo, halafu kreti karibu na kitanda chako. Redio ya sauti ya chini inafunika viatu vya kwa ngazi.

Akibweka, usipige kelele. Kwake, wewe pia umebweka, kumbe fisi ni wa ukweli. Amka, angalia mlangoni, mwambie neno moja kwa sauti ya kawaida, muite, na mpe kitu akinyamaza. Umepokea ripoti, zamu umeichukua wewe. Rudia kila usiku. Wanaookoa mbwa huwa na hesabu yao ya mdomo: siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujua hapa ni kwao. Mzee anaweza kuchukua zaidi.

Lakini kama anazunguka usiku bila sababu, anakwama kwa kona, anasahau mlango uko wapi, hiyo inaweza kuwa akili ya uzee. Mwone daktari. Kreti haitibu hilo.

Majirani ndio mtihani

Soma mkataba wa nyumba kwanza. Kama unakataza mbwa, usimwingize kwa gunia. Kaunti ya Nairobi pia ina sheria ya mbwa ya 2015 inayotaka mbwa awe na leseni, kwa hivyo maliza mambo na kanjo mapema.

Halafu gonga milango kabla hajafika. Jitambulishe, acha namba yako, sema: mbwa ni mzee, amechanjwa, wiki chache za kwanza atasumbua, ukisikia nipigie mimi kabla ya lando. Jirani aliyeombwa ni mvumilivu kuliko jirani aliyeamshwa.

Na kama uliishi Tarbaj, kuna jambo unalijua kuliko wengine. Kwa Waislamu wengi wa hapa kwetu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda na kuchunga anaruhusiwa, lakini hiyo haimaanishi ampanguse mtu kanzu akielekea msikitini. Ukiwa Eastleigh, South C ama ploti yoyote yenye majirani Waislamu, kamba iwe fupi kwa ngazi, ngoja wapite, usiingie lifti na mtu bila kumuuliza, na ufute sakafu mbwa akidondosha mate. Si chuki kwa mbwa wako, ni ibada yao. Uliishi kwao ukaheshimiwa. Sasa ni zamu yako.

Ikikataa

Kuna mbwa ambao mlango uliofungwa unawavunja. Dalili ni hizi: udenda mwingi, kuhema bila joto, kuuma waya hadi fizi zitoke damu, ukucha kung'oka. Ukiona hivyo, acha kreti siku hiyo hiyo. Usiseme atazoea. Mpe kona ya chumba na kizuizi kifupi, kreti ibaki wazi kama kichaka, na uongee na daktari. Kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete, na KSPCA iko Karen kama unahitaji ushauri ama msaada wa kumtafutia mbwa makao.

Na kama baada ya miezi mitatu bado analia mchana kutwa, mtafutie kompaundi ya mtu unayemwamini, Kitengela ama ushago kwenu, mahali penye udongo na geti. Mpeleke wewe mwenyewe, na kreti yake, na blanketi yake, na karatasi za daktari. Usimwachie soja "amwangalie kidogo". Kumtesa mnyama ni kosa chini ya sheria ya Kenya, Cap 360, lakini hata bila sheria unajua mwenyewe: mlango wake wa kulinda ulikuwa wako.

Utajua umefaulu siku moja usiku, mlevi wa gorofa ya pili akipanda na wimbo wake. Mbwa atainua kichwa ndani ya kreti, atakuangalia, aone umelala, na yeye pia alaze kichwa chini.